Kifaransa Hakitafia Mikononi Mwangu

Jumatatu, 3 Machi

Msiba. Mkuu wa kitivo ametangaza: idara isiyopata wanafunzi wapya kumi kufikia Ijumaa itafungwa. Sisi wa Kifaransa tunao wawili, na mmoja alijiandikisha akidhani foleni ni ya vitambulisho. Mkuu wa idara yetu, mama mpole aliyenifundisha tangu mwaka wa kwanza, alivua miwani akaifuta muda mrefu. Nilimwonea huruma. Nikajionea huruma zaidi mimi, maana ndiye aliyeniahidi kazi ya ukufunzi msaidizi nikimaliza masomo. Idara ikifa, kazi imekufa. Na kazi ikifa, kuna karakana ya baba.

Baba anatengeneza majeneza. Siku hizi mikono inamtetemeka. Msumari anaupiga pembeni kwanza ndipo aupate. Hajaniomba msaada. Ila ameisafisha meza ya pili, ile ya dirishani, akaweka randa juu yake. Nilipouliza ni meza ya nani, alisema ya yeyote. Najua huyo yeyote ni nani!

Jumanne, 4 Machi

Nimepata dawa. Hawa wa mwaka wa kwanza wana swali moja tu: ukisoma Kifaransa unafanya kazi gani? Basi waonyeshwe mtu aliyefanikiwa. Nimewatafuta wahitimu wetu siku nzima. Mmoja anauza vipuri vya pikipiki. Mmoja yuko mbali na hapatikani. Mmoja aliposikia sauti yangu alikata simu.

Kamusi ana maoni yake, kama kawaida. Ni mwenzangu darasani. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna neno asilolijua, wala siku asiyotukumbusha. Anasema tuwaambie vijana ukweli: kazi zipo, za ukalimani, za ualimu, za mashirika, lakini lugha peke yake haitoshi, lazima mtu aongeze ujuzi mwingine na awe na subira. Subira! Nani amewahi kujaza ukumbi kwa subira? Najua anaimezea mate kazi yangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimempata mtu. Shemeji, mume wa dada yangu! Suti nyeusi, pasi imenyooka. Sauti nzito. Mwendo wa taratibu. Anaendesha gari la maiti, lakini kazi ya mtu haiandikwi usoni. Nimemwambia kesho ukumbini, mbele ya wanafunzi wapya, yeye ni mkalimani wa mikutano ya kimataifa.

Alikataa. Alisema hajui hata salamu ya Kifaransa, na tena uongo haumkai mdomoni. Nikamwambia uongo niachie mimi. Nitamtambulisha, yeye atajibu maswali kuhusu kazi yake, kijumla tu. Akakubali kwa ajili ya dada. Dada alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Alisema sikio la kufa halisikii dawa. Katika nyumba yetu msemo huo si wa kutaniana.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi. Halafu aibu.

Ukumbi ulijaa. Shemeji alipoingia watu walinyamaza wenyewe. Nikamtambulisha kwa maneno mazito. Msichana wa mstari wa mbele akauliza kama ajira zipo. Shemeji akasema katika kazi yake hajawahi kukosa wateja hata wiki moja. Mwingine akauliza anahudumia watu wa aina gani. Akajibu wakubwa kwa wadogo, matajiri kwa maskini, na tangu aanze hajalalamikiwa na hata mmoja. Je, kuna heshima? Akasema akipita barabarani watu husimama, na wanaume huvua kofia. Kalamu zikaanza kutembea. Majina yakapita kumi! Nilishaiona ofisi yangu, na mlangoni jina langu.

Ndipo Kamusi akasimama. Nikajua nimekwisha. Lakini hakunitazama mimi. Alimwambia shemeji kwamba amemtambua tangu anaingia. Kwamba mwaka jana ndiye aliyempeleka bibi yake kuzikwa, barabara ilikuwa mbovu, na aliendesha pole pole kama vile bibi bado anasikia maumivu. Siku ile hakupata nafasi ya kumshukuru, basi anamshukuru leo. Shemeji akainamisha kichwa, akasema njia ile anaikumbuka, akampa pole upya.

Kisha mmoja akaelewa, na wa pili, na majina yakaanza kufutwa. Walibaki vijana wawili tu, wakitaka kujua gari la maiti linahitaji leseni gani.

Ijumaa, 7 Machi

Idara imefungwa. Mkuu wa idara anahamishiwa maktaba. Nilitegemea anifokee. Alisema tu kwamba alinifundisha lugha miaka mitatu ili nizungumze na watu, na mimi nikaenda kumtafuta asiyeijua anizungumzie. Nilikosa pa kuweka uso. Mpaka naandika hapa bado inaniuma.

Kamusi ameitwa kwenye usaili ofisi ya uhamiaji. Aliomba mwenyewe zamani, kimya kimya. Watu wana hila!

Nyumbani mama alinipokea kwa kusema ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Baba alinipa aproni.

Jumamosi, 8 Machi

Karakana. Vumbi la mbao mpaka kooni. Nilikuwa napiga msasa meza ya dirishani alipoingia mwanamke mgeni, amekumbatia koti la kiume. Akaanza kuzungumza, na mafundi wakatazamana. Baba akaniita. Hakuwa ameniita kwa sauti ile tangu siku nilipofaulu kwenda chuo. Aliniambia njoo mwanangu, hii ni ya kwako.

Kifaransa. Walikuwa safarini, yeye na mumewe, na mumewe amefariki hospitalini hapa, ugenini. Mimi nimechambua huzuni za watu wa tamthilia kwa kurasa na kurasa. Pale yote yalinitoka kichwani. Nilimwambia nasikitika sana. Kisha nikamwuliza mumewe alikuwa na urefu gani.

Akainua mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, hewani, pale kichwa cha mumewe kilipokuwa kikifika, akaushikilia hapo hapo. Nikapima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiganja chake. Kipimo nilikiandika mara mbili ndipo kisomeke. Alipoketi alizungumza muda mrefu, na mimi nikasikiliza tu. Alisema tangu mumewe anyamaze hajasikia mtu akimsemesha kwa lugha yake. Machozi yalinitoka mbele ya mafundi na sikujali.

Alipoondoka baba alisema sasa ameelewa nilikuwa nasoma nini. Akaniomba kesho tulimalize jeneza hilo wawili, maana kifuniko ni kizito na yeye hakiwezi tena.

Jumapili, 9 Machi

Nimetafakari tangu asubuhi. Jambo la jana lina maana moja tu: Kifaransa kinahitajika! Na ushahidi ni hai, unatembea, unalia. Mkuu wa kitivo akimwona mjane yule kwa macho yake, ataifungua idara siku hiyo hiyo, na kazi yangu iko palepale. Nimemwandalia mama wa watu hotuba fupi. Nimeweka alama mahali pa kunyamaza kidogo ili iwaingie.

Baba ameuliza mara mbili kama nakuja kushika upande wa pili wa kifuniko. Nimemjibu asubiri, niko kazini. Namsikia huko nyuma anakiburuta mwenyewe.

Mazishi kesho ni saa nne. Mkuu wa kitivo ana nafasi saa sita. Shemeji nimemwagiza atoke makaburini moja kwa moja mpaka kitivoni, asimpitishe mjane hotelini. Hana haja ya kubadili nguo. Nyeusi inapendeza ofisini.