Kisanduku cha Amehud.

Kwa mamlaka ya Gavana, na kwa muhuri mpya wenye tai anayetazama kushoto, jimbo letu lilitangaza mwezi wa Machi kwamba halina tena askari mstaafu hata mmoja ambaye hajahudumiwa. Asilimia mia. Jimbo jirani la kusini lilikuwa na themanini na nane. La magharibi lilikuwa bado linahesabu.

Nayaeleza haya kama mtu aliyekuwepo. Mimi ni Emil Vondra, Karani Mwandamizi wa Dirisha katika tawi la Dvorek la Idara ya Shukrani na Stahiki za Askari Wastaafu. Dirisha letu ni moja, kwa hiyo cheo changu hakina mpinzani.

Siri ya asilimia mia ilikuwa Fomu Namba 11. Zamani fomu hiyo ilikuwa na kurasa tisa, na askari walilalamika. Ikaundwa Kamati ya Ufupisho, ikakaa miezi kumi na minne, ikaifanya ukurasa mmoja. Mkurugenzi wetu, Bwana Thurlow Haskett, ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na sifa zote ni zake. Neno lililozidi upana wa kisanduku chake lilikatwa. Ndivyo juu kabisa ya fomu, chini ya maneno "Naapa kwamba mwombaji", vilivyobaki visanduku viwili: AMEHUD. na HAJAHUD. Nukta iliwekwa kwa heshima, kuonyesha kwamba neno linaendelea, ila mahali pengine.

Jumatatu moja ya Aprili alifika dirishani Ladislav Hruska, aliyekuwa dereva wa lori la mafuta kule Pleiku, Vietnam. Alivua kofia.

"Emil, wewe si mtoto wa Otto?"

"Ndiye mimi, mzee Hruska."

"Baba yako alinikopa ngazi. Basi, hilo tuliache. Nimekuja kwa ajili ya Vlasta."

Akanieleza taratibu. Mkewe alikuwa amepata kiharusi wakati wa baridi, sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu. Daktari amesema hawawezi tena kuishi peke yao shambani. Katika Nyumba ya Askari Wastaafu, hapa hapa Dvorek, nyuma ya maghala ya mahindi, kilikuwepo chumba kimoja cha vitanda viwili. Kingeshikiliwa kwa ajili yao mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Wasipokipata, Vlasta angepelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa ya Norbeck, maili mia na arobaini, na Ladislav haendeshi tena gari kwa sababu ya macho.

"Miaka hamsini na mitatu hatujalala miji miwili," alisema. "Ukiondoa ile ya vita, na ile haikuwa hiari yangu."

Nilimpa fomu. Alipofika kwenye visanduku aliinua macho.

"Hiki Amehud. ndicho kuhudumu?"

"Nadhani ndicho, mzee."

"Basi nimehudumu. Miezi kumi na tatu." Akaweka alama kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Jibu lilirudi keshokutwa yake kutoka makao makuu, ambako mashine husoma fomu zote. Lilisema: "Faili limefungwa. Jimbo linakushukuru kwa kuhudumu." Ndani ya bahasha mlikuwa na beji ya shaba.

Alijaza tena. Akashukuriwa tena. Kufikia wiki ya tatu alikuwa na beji sita kifuani, akitembea zinalia kama kengele za mbuzi.

"Emil," aliniambia, "nimeshukuriwa kuliko mtu yeyote katika kaunti hii. Chumba kiko wapi?"

Mimi ni mtu wa utaratibu. Nilipiga simu makao makuu na kumwomba mama aliyepokea anisomee Amehud. ni nini. Alinisomea bila kusita: "Amehudumiwa."

"Huku sisi tunaisoma amehudumu," nilisema.

"Mnaweza kuisoma mnavyopenda, kaka. Mashine inasoma amehudumiwa. Mtu ameshahudumiwa, mashine inamshukuru na kufunga."

"Na asiyeweka alama yoyote?"

"Huyo hajakamilisha fomu. Hatumhesabu."

Nilizipitia kumbukumbu zetu za mwaka mzima. Askari wote mia mbili na kumi na wanne walikuwa wamesema ukweli, kwa hiyo wote walikuwa wamefungwa. Nilipeleka jambo hili kwa Mkurugenzi Haskett. Alikuwa anafanya mazoezi ya kupokea cheti, maana Jumamosi Gavana mwenyewe angekuja Dvorek kumtunuku kwa ile asilimia mia.

"Unataka nini, Emil?"

"Kisanduku kiongezwe upana, bwana. Zinatosha herufi tano."

Alinitazama kwa huruma. "Asilimia mia haifanyiwi matengenezo. Kitu kikishajaa unakitazama tu."

Sikumhukumu. Mtu aliyekaa miezi kumi na minne kwenye kamati ana uchungu na kazi yake. Isitoshe, Mkurugenzi naye ni askari mstaafu, na hakuna aliyepata kukaa naye dakika tano asiambiwe hivyo. Alikaa miezi saba kwenye ghala la mablanketi huko Kansas, ndani ya nchi, mbali na vita. Mablanketi nayo ni vita, kama sufu inakuwasha.

Jumanne ya wiki ya mwisho nilimweleza Ladislav hali ilivyo. Kisha, nikiangalia pembeni, nikamwambia kwamba mtu akiweka alama kwenye Hajahud., faili lingefunguka siku hiyo hiyo. Ipo sheria ya zamani, ya baada ya vita vingine: aliyeapa kwamba hajahud. lazima ashughulikiwe ndani ya siku tatu za kazi.

Aliiweka kofia dirishani.

"Yaani niape kwamba sikuhudumu."

"Kwamba hujahudumiwa, mzee. Ukiisoma kwa macho ya mashine."

"Mimi sina macho ya mashine, Emil. Nina haya mabovu. Milan Zeman aliungua kwenye lori la nyuma yangu, nami nije hapa niape kwamba sikuwepo? Kwa ajili ya kitanda?"

"Kwa ajili ya Vlasta," nilisema, na nikajuta.

Alivaa kofia yake, akatoka. Beji zikalia mpaka nje.

Baada ya nusu saa mlango ukafunguka tena. Ladislav alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu, na juu yake Vlasta, aliyekuwa akisubiri nje kwenye gari la jirani, amevaa koti la kanisani, na kopo la vileti, biskuti zenye plamu, mapajani. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono wa kushoto. Ulimi kiliuacha salama.

"Emil Vondra, mbona umekonda? Chukua kileti. Haya, nipe hiyo karatasi inayomliza mume wangu."

"Silii," alisema Ladislav.

"Basi macho yanavuja. Emil, jamaa wa askari haruhusiwi kuomba mwenyewe?"

Nilifungua kanuni. Kifungu cha tisa: jamaa wa askari anaweza kuomba, na akikubaliwa anaweza kufuatana na mwenzi wake. Katika miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kukitumia.

"Anaruhusiwa, mama."

"Mimi nimewahi kwenda jeshini?"

"Hapana, mama."

"Kuna mtu wa jimbo hili amewahi kunihudumia?"

Nilifikiri kwa uaminifu. "Hapana, mama."

"Basi hilo neno lenu likatieni popote mnapopenda. Mimi hajahud. kwa vyovyote." Akaweka alama, safi kabisa, kwa mkono wa kulia. "Na wewe mzee, ukae vizuri huko tuendako. Utaingia kwa jina langu."

"Nyumba ya askari," Ladislav alisema, "na mimi niingie kama mke wa mtu."

"Nilikufuata mimi miaka hamsini na mitatu. Sasa zamu yako."

Faili lilifunguka saa tisa alasiri. Ilikuwa mara ya kwanza kwa dirisha langu kuona faili lililo wazi, na nilikaa nikilitazama kidogo kabla ya kuanza kazi.

Habari ilimfikia Mkurugenzi. Nilitazamia akasirike kwa ile mia kuchafuka, lakini alikuja dirishani kwangu akitabasamu na kufunga mlango.

Lazima nieleze shida yake. Mbele ya ofisi yetu kuna nafasi mbili za kuegesha gari, zilizotengwa kwa magari yenye namba maalumu za askari wastaafu. Mkurugenzi alikuwa ameegesha hapo miaka tisa bila namba hizo, kwa kuwa aliziomba mara mbili na kila mara akaletewa beji. Sasa naibu mpya wa sherifu, msichana asiyejua watu, alikuwa amembandikia karatasi ya onyo kwenye kioo. Na Jumamosi Gavana anakuja.

"Nipe Fomu 11," alisema.

Aliweka alama kwenye Hajahud. haraka, kama mtu anayeua mbu, akatia sahihi.

Nilimkumbusha, kama kanuni zinavyonitaka, kwamba sheria ile ya zamani ina sehemu ya pili: majina ya walioapa kwamba hajahud. husomwa kwa sauti Jumamosi inayofuata, kwenye kifungua kinywa cha askari ukumbini, ili majirani wajue ni nani anahitaji msaada. Halikuwahi kusomwa jina kwa sababu halikuwahi kuwepo.

"Emil," alisema, "tangu lini watu wakasikiliza orodha?"

Ijumaa saa nne asubuhi Vlasta na Ladislav walipata chumba. Vitanda viwili, dirisha moja, na kwa mbali maghala ya mahindi. Kwenye mlango pameandikwa: HRUSKA, VLASTA, NA MWENZI. Ladislav ametundika beji zake sita kwenye kitasa, na kila mtu akiingia zinalia.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Chapati za maji zilikuwa zinageuzwa, asali ya mti imewekwa mezani kwa majagi, na Gavana ameketi mbele, cheti kwenye mfuko. Mkurugenzi alihutubia dakika ishirini, na nane kati ya hizo zilihusu Kansas. Kisha ikaja zamu ya orodha, nami nikasimama. Sisomi kwa mbwembwe. Nasoma yaliyoandikwa.

"Hruska, Vlasta. Ameapa kwamba hajahud. Ombi: chumba. Limekubaliwa."

Watu walipiga makofi. Vlasta alipunga mkono wake mzima.

"Haskett, Thurlow. Ameapa kwamba hajahud. Ombi: namba za gari, kwa ajili ya kuegesha. Linashughulikiwa."

Chapati zilisikika zikiungua. Askari mia mbili na zaidi, kila mmoja na beji yake, waligeuza vichwa pamoja.

"Hajahudumu?" mmoja aliuliza kutoka nyuma. "Si alikuwa Kansas?"

"Labda Kansas ndiyo haikuhudumu," mwingine akasema.

Mkurugenzi alisimama, mwekundu. "Inasomwa hajahudumiwa! Kila mtu anajua inasomwa hajahudumiwa!"

"Tangu lini?" aliuliza Gavana.

Hapo Mkurugenzi alikaa, kwa sababu jibu lilikuwa linahusu askari mia mbili na kumi na wanne. Gavana aliomba fomu, akavaa miwani, akaisogeza karibu na pua. "Na hii nukta," aliuliza, "ni ya nini?" Akakitoa cheti, akakikunja mara mbili na kukirudisha mfukoni.

Ndipo Ladislav alipoinuka. Alikwenda mpaka jikoni akipapasa viti, akarudi na sahani ya chapati tatu, siagi juu, asali imemiminwa mpaka pembeni. Akaiweka mbele ya Mkurugenzi, akamfungia kitambaa shingoni kama mtoto.

"Kula, bwana mkubwa. Zitapoa." Kisha akanigeukia. "Emil, umeona kwa macho yako. Huyu sasa amehudumiwa. Au siyo?"

Nilitafakari. Kwa usomaji wowote, wa Dvorek au wa makao makuu, sikuona njia ya kubisha. Nikatoa kalamu, nikaikata alama ya Hajahud., nikaweka mpya kwenye Amehud., nikalifunga faili. Halafu nikamwambia Mkurugenzi, kwa sauti yangu ya dirishani, kwamba jimbo linamshukuru kwa kuhudumu, nikambandika beji.