Pua ya Faki

Jumatatu, 2 Februari
Hakimu amesema hii ni mara ya mwisho. Mara tatu nimekamatwa nikiendesha nimelewa, kwa hivyo nichague: mwaka mmoja gerezani au mpango wa matibabu. Matibabu! Kana kwamba naumwa. Nimechagua matibabu. Leseni wamebaki nayo, na pikapu yangu imesimama hapa nje bila kazi. Inaniuma kuiangalia.

Sharti ni nitafute jirani wa kunisimamia mpaka kesi itajwe Jumatano ya wiki ijayo. Nikionja, jela. Mutie, tuliyeshtakiwa naye siku moja, amemchukua shemeji yake, mlevi mwenzake. Hana akili. Mimi nimemchukua Faki, muuza viungo na manukato hapa Sultan Hamud. Mwislamu safi, hajaonja pombe tangu azaliwe. Atajuaje inavyonuka?

Jumanne, 3 Februari
Faki amekubali. Amesema hii ni amana na ataulizwa na Mungu. Nilidhani ni maneno ya adabu tu. Kumbe anaswali mara tano kwa siku, na kila akitoka msikitini anapitia kwangu kuninusa. Alfajiri amenikuta na shuka. Muthoki, mke wangu, amecheka mpaka akamwaga uji.

Jumatano, 4 Februari
Nimepiga hesabu. Kati ya swala ya Alfajiri na ya Adhuhuri kuna karibu saa saba. Kaluvu, ile pombe ya asali anayopika jirani Mbithe, nikiinywa saa moja asubuhi na kutafuna karafuu juu yake, kufika mchana harufu imeisha. Nimeleta mtungi mdogo.

Alhamisi, 5 Februari
Vikombe viwili. Tamu sana. Saa tatu na nusu, Faki mlangoni. Eti kuna swala nyingine ya hiari, Dhuha. Hakuna aliyenitajia Dhuha! Akanusa. Akasema karafuu ni ya dukani kwake, na chini yake kuna asali iliyochacha. Akamwaga mtungi wote kwenye sukuma wiki ya Muthoki.

Kisha akaniambia polepole kwamba mahakamani akiulizwa, atasema.

Naogopa. Mwaka mzima bila usukani, Muthoki akihangaika peke yake. Lakini kosa ni lake Faki. Mtu akiwa na swala ya ziada anapaswa kutangaza.

Jumapili, 8 Februari
Siku tatu nimekauka, si kwa kupenda. Nimempelekea Faki jogoo ili aache angalau kuninusa alasiri. Amemrudisha mwenyewe kwa miguu, akasema hiyo ni hongo, halafu akaninusa.

Mutie amepiga simu kujigamba. Shemeji yake hajamnusa hata mara moja. Ameniita mwanafunzi wa madrasa. Nimeona wivu, sitaficha.

Jumatano, 11 Februari
Mahakamani. Mutie amepuliza kipimo, kikawa chekundu. Amepandishwa gari la jela bila hata kumuaga shemeji. Changu, sifuri.

Faki akaulizwa. Akasema yote: mimi, Kyule, niliteleza Alhamisi, yeye akaimwaga pombe, na tangu hapo niko safi. Lakini hakimu akasema msimamizi msema kweli ni nadra, akanirudishia leseni. Niendeshe mchana tu, Faki akiwa kando yangu, miezi mitatu.

Muthoki amelia kwa furaha. Anataka nimshukuru Faki. Nimshukuru kwa lipi? Ningefaulu mwenyewe. Mutie alikosea hesabu tu.

Tulipofika nyumbani nimewasha pikapu nimpeleke Faki dukani, na njiani ameniomba radhi mapema. Wiki ijayo Ramadhani inaingia, na siku kumi za mwisho atakaa itikafu. Anahamia msikitini, anakula humo, analala humo, hatoki hata kuninusa mpaka Idi. Nimemwambia asijali hata kidogo, ibada kwanza.

Nilipomshusha nilienda kwa Mbithe kwa miguu, kama sheria inavyotaka, nikaagiza mtungi wa siku hizo kumi. Ule mkubwa.