Kopo la Maziwa Lililonifukuza Majengo

Leo nimeaibika. Tena kwa mbio.

Naandika haya miguu yangu ikiwa ndani ya beseni la maji ya moto. Najua kufikia kesho kila mmoja wenu atakuwa ameletewa kisa hiki na mtu mwingine, kikiwa kimetiwa chumvi. Bora mkipate kwangu, na chumvi yangu mwenyewe.

Wengi wenu mnaijua kazi yangu. Ofisini tuna programu inayopokea mitikisiko ya ardhi, inaichambua, kisha inatuambia upi ni wa kawaida na upi ni wa kututia wasiwasi. Ni programu nzuri. Ila ina tabia za kitajiri: inataka kompyuta kubwa, inataka feni, inataka umeme usiokatika. (Umeme usiokatika, Goma! Ingeomba theluji, tungeipatia upesi zaidi.)

Kwa hiyo tangu mvua za mwaka jana nimekuwa nikiihamishia kwenye kompyuta ndogo sana, ukubwa wa kipande cha sabuni, inayoishi kwa batri ndogo na paneli ya jua isiyozidi sahani. Kuhamisha programu ni kama kuhama nyumba, na sisi watu wa Goma, mji ulio chini ya volkano, kuhama tunakujua. Ukitoka vyumba vitano kwenda chumba kimoja, huwezi kubeba kabati la bibi. Unakiuliza kila kitu: wewe una kazi gani? Nikaifundisha programu kuhesabu kidogo kidogo kadiri data inavyoingia, kama mama anayeosha sahani huku chungu kikichemka, badala ya kurundika vipimo vya siku nzima. Nikapunguza hiki, nikaacha kile.

Kipande kimoja kilinisumbua. Ni kile kinachotenganisha mtikisiko wa kweli na vishindo vya jirani: nyayo, milango, nyundo. Kilikuwa kinakula batri kama mgeni wa harusi. Nikakiondoa. Nikajiambia, nani atapiga vishindo karibu na mashine? (Likumbukeni swali hilo. Mimi nililisahau.)

Kompyuta, batri, kihisi cha kuhisi ardhi na king'ora kidogo, vyote nikavifunga ndani ya kopo la maziwa ya unga. Swichi nayo nikaifungia humo humo, nikaziba kifuniko kwa gundi, asije mtu mwenye hofu akaizima.

Leo ilikuwa siku ya kulitambulisha kopo. Muzee Ramazani, shefu wa avenyu moja, yaani kiongozi wa mtaa, pale Majengo, alikubali kuwakusanya wakazi sebuleni kwake, katika nyumba ya mbao iliyosimama juu ya mawe meusi ya volkano. Mambo yalikuwa wazi. Wakazi wakikubali, kopo lingebaki kwake na kuanza kazi. Wakikataa, mkuu wangu alikwisha kusema, jasho langu lote lingerudi kabatini. Na watu wa Majengo hawakubali ovyo. Wameona wageni wengi wakija na masanduku yao, wakapiga picha, wakaenda zao.

Nikaona niwalainishe kwa chakula. Asubuhi nikampigia simu rafiki yangu Mama Zaituni, jirani wa Muzee, nikamwomba apike sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo.

"Sombe nitachukua ile ya mashine," akasema. "Ni mbio mbio."

"Hapana, dada yangu. Ya mashine haina ladha. Twanga kwa mkono."

"Weye na utamu yako! Haya, nitatwanga."

(Hapo ndipo nilipojichimbia shimo, tena kwa mchi wa mtu mwingine.)

Sebule ikajaa. Nilikuwa nimevaa kitenge changu cha sherehe na viatu vya kisigino cha wastani. Nikaliweka kopo sakafuni, lijiwashe lenyewe kwa saa niliyolipangia, nikaanza hotuba. Sipendi kujisifu, lakini ilikuwa hotuba nzuri. Nilisema mashine hii haiombi umeme kwa mtu. Nilisema hata ukihama nayo itaendelea na kazi njiani. (Na hilo pia mlikumbuke.) Kisha nikafika pale nilipopapenda zaidi mwenyewe: utulivu.

"Ikilia," nikasema, "hatukimbii. Tunasimama. Tunapumua. Tunatoka polepole, wazee na watoto mbele."

Muzee Ramazani, aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango, akatabasamu. "Na weye, Madamu, hautakimbia?"

"Mimi, Muzee? Si mimi ndiye niliyeitengeneza!"

Kopo likalia.

King'ora kile nilikichagua mwenyewe, nikitaka kiweze kumwamsha hata mlevi. Sebule nzima ikaduwaa. Macho yote yakanigeukia mimi, mtaalamu, yakisubiri kuuona huo utulivu ulivyo.

Nikatoka mbio.

Sikusimama. Sikupumua. Wazee na watoto sikuwatafuta. Mzee mmoja nilimruka, naye alikuwa Muzee Ramazani mwenyewe, pamoja na kigoda chake. Kila mtu wa mji huu ana kitu ambacho mkono wake hukinyakua siku ya kukimbia. Mmoja hunyakua redio, mwingine kuku, mwingine godoro. Mimi, ndugu zangu, mkono wangu ulinyakua kopo.

Sasa fikirini kidogo, kama nilivyopaswa kufikiri mimi. Ndani ya kopo mna kihisi cha mitikisiko. Kopo limekumbatiwa na mwanamke wa umri wangu na uzito wangu, anayekimbia juu ya mawe. Kila hatua yangu ilikuwa tetemeko! Nikikimbia, linalia. Likilia, naamini hali imekuwa mbaya zaidi. Nikiamini hivyo, naongeza mbio. Wala halikuzimika, kwa maana haliombi umeme kwa mtu.

Muuza mandazi akalifunika beseni lake. Hata chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa magunia ya makaa, ikija kasi kwenye mteremko, ilinipisha. (Niliozaliwa nao ni mashahidi: chukudu haimpishi mtu.) Kiatu cha kushoto kikaamua kubaki njiani. Motari mmoja, dereva wa pikipiki mwenye ndevu nyeupe, akapunguza mwendo kando yangu, akalitazama kopo la maziwa linavyolia kwa uchungu, akapaza sauti:

"Mama! Ile mutoto iko na njaa! Simama uinyonyeshe!"

"Kimbia, papa!" nikamjibu. "Ardhi inatikisika!"

Akaangalia chini. Akaangalia kulia na kushoto. Akanitazama mimi kwa huruma.

"Mama, ni weye tu ndiyo unatikisika."

Nilisimama, si kwa sababu ya busara bali kwa kuishiwa pumzi. Nikauegemea ukuta wa mawe, kopo kifuani. Likanyamaza.

Nikamshukuru Mungu: tetemeko limekwisha. Nikapiga hatua moja kurudi nilikotoka. Likalia. Nikasimama. Likanyamaza. Nikanyanyua mguu mwingine taratibu kabisa, kama mwizi wa kuku. Likalia.

Hapo elimu yangu yote ya chuo kikuu ikanirudia kwa mara moja, kama wageni waliochelewa karamu.

Kuzima nisingeweza. (Gundi! Nzuri sana, naipendekeza.) Basi nikarudi njia ile ile, mguu mmoja ukiwa na kiatu na mmoja bila, kopo likimtangazia kila mpita njia kila hatua yangu. Muuza mandazi alikuwa amelifunua beseni. Alinipa pole. Nilitamani asingenipa.

Nilipofika kwa Muzee, nilikuta jambo ambalo sitalisahau. Watu wote walikuwa uani, wamesimama kwa utaratibu, wanapumua. Wazee na watoto mbele. Walikuwa wamefanya kila nilichowaambia. Katika mkutano mzima, aliyekosa kusikia hotuba yangu ni mimi.

Nikasimama mbele yao bila kutikisika, ili kopo linyamaze niombe radhi. Likanyamaza. Nikafungua mdomo. Nyuma ya nyumba kukasikika: pu! Kopo likalia. Pu! Likalia tena. Pu!

Mama Zaituni akachungulia pembeni mwa ukuta, mchi mkononi, majani ya muhogo hadi kwenye viwiko.

"Sasa bote munaniangalia nini?" akauliza. "Niko natwanga sombe ya Madamu. Ya mukono, vile alitaka."

Walivyocheka, ndugu zangu! Kuna mama mmoja alishuka chini kabisa, akakaa juu ya jiwe, akawa anapiga magoti yake kwa viganja. Watoto wakaanza kurukaruka karibu nami ili kopo lilie, nalo likawatii wote kwa zamu.

Muzee Ramazani peke yake hakucheka. Alijipangusa vumbi begani, pale kisigino changu kilipopita, akainua mkono. Nikajua kazi yangu inarudi kabatini.

"Batu yangu," akasema, "ile mashine iko na masikio. Kama inasikia sombe, volkano haitaishinda. Na mafundisho yake tumeona ni ya muzuri. Tunaikamata." Watu wakapiga makofi. Akasubiri watulie. "Lakini tutaifunga chini na simenti, isikimbie tena na mutu. Na Madamu, siku yenye utarudia kutufundisha, tutakupatia kiti ya kule mbali, kwa dirisha."

"Dirisha iko na vyuma, Muzee?" akauliza mtu nyuma.

"Njo maana."

Kipande nilichokiacha nyuma katika kuhama kwangu nitakirudisha kabla simenti haijamwagwa. Kikila batri, na kishibe. Sombe nayo niliila, nikiwa nimeinamisha kichwa. Ilikuwa tamu, ya mkono ni ya mkono.

Kiatu changu cha kushoto bado kiko Majengo. Atakayekiokota aniletee, tafadhali: polepole, akipumua, wazee na watoto mbele.