Vita Yangu na Shomoro wa Mikumi

Jumatatu, 2 Juni
Kornelio ana wageni tena! Nyumba yake ya kulala wageni iko ng'ambo ya barabara, bomba la choo linavuja, lakini wazungu wamejaa barazani na darubini zao, wanasikiliza chiriku. Kwenye gesti yangu? Shomoro. Wanapiga kelele kama wapiga debe wa stendi.

Yusrah, binti anayetembeza watalii wapenda ndege, alipita kunywa chai. Akasema shomoro hawa wenye kidevu cheusi si wa huku. Wamekuja kwa meli na malori, wananyang'anya chiriku chakula na viota. Jumamosi analeta wageni. Watalala palipo na chiriku. Ushauri wake: nizoe makombo ya wali nyuma ya jiko, nizibe matundu ya paa. Basi! Nikashukuru kwa adabu. Ushauri gani huo usio na mtego hata mmoja?

Jumanne, 3 Juni
Tenga, kijiti, kamba, wali. Nikalala kifudifudi chini ya benchi asubuhi nzima. Kitu kikaingia. Nikavuta. Pu! Jogoo wa Kornelio.

Mwenyewe huyo, anavuka barabara. Kanizidi umri, sina budi. Nikampa shikamoo huku nimelikalia tenga na jogoo wake anapiga yowe chini yangu. Akaitikia marahaba. Kisha akaniita mwizi, mbele ya madereva waliokuwa wanakula chapati kwangu.

Jumatano, 4 Juni
USHINDI! Shomoro tele kwenye tenga. Kuua siwezi, nina moyo mwepesi. Nikapanda nao basi hadi Kilosa, ndani ya boksi la sabuni. Abiria wa pembeni akauliza kuna nini. Nikasema vifaranga. Akasema vifaranga vyangu vina matusi ya watu wazima.

Nikawaachia sokoni. Wakaruka moja kwa moja hadi dukani kwa shemeji yangu Herman, muuza mchele. Alimpigia mke wangu, Happiness, kabla sijafika stendi.

Alhamisi, 5 Juni
Nimegundua chanzo. Malori! Nikavaa kizibao cha kung'aa, nikapuliza filimbi, nikasimamisha lori la mahindi nilikague. Dereva akafunua turubai kwa heshima kubwa. Wa pili pia. Foleni ikakua. Raha iliyoje!

Trafiki akafika. Akauliza natafuta nini.
"Shomoro, afande."
"Shomoro gani?"
"Wa kidevu cheusi."
Akanitazama sana. Akauliza kama nimekunywa chai.

Happiness akaja kuniombea; afande anasali naye kanisa moja. Njia nzima ya kurudi alitangulia mbele, filimbi yangu kaishika yeye.

Ijumaa, 6 Juni
Nimekatazwa kutoka nje. Happiness kazoa makombo yote, kafunika mapipa, kaziba matundu ya paa kwa udongo. Kufika jioni shomoro wamehamia kwenye migahawa ya stendi. Na chiriku wawili wametua kwenye uzio wangu! Ukaguzi wa malori umezaa matunda.

Jumamosi, 7 Juni
Yusrah kaleta wageni. Chiriku wakaimba! Mabegi yakashushwa. Mama mmoja wa Kizungu akafumba macho kwa raha.

Hapo nikaona shomoro juu ya paa. Mmoja tu. Lakini ni shomoro! Bahati nzuri nilishaazima spika ya kwaya, na sauti ya mwewe ilikuwa kwenye simu. Nikafungulia hadi mwisho.

Shomoro akajikuna. Chiriku wakavuka barabara hadi kwa Kornelio. Wageni wakavuka nyuma yao, na mabegi. Kornelio akanipungia mkono.

Happiness akaketi kwenye ngazi. "Baba Debora," akasema, "ungekaa kimya tu." Sikulia. Nililia kidogo, stoo.

Jumapili, 8 Juni
Nimetubu kanisani. Nimemwapia Happiness: sitagusa tena tenga, filimbi wala spika. Nimeapa kwa moyo wote. Akanishika mkono, jambo ambalo hajafanya tangu Jumanne.

Wakati wa kurudi nikaona nyani kando ya barabara. Akapanda mti uliojaa shomoro. Wote wakatoweka! Bila tenga, bila filimbi, bila spika!

Nimenunua mkungu wa ndizi. Nimezipanga moja moja kutoka porini hadi mlangoni kwangu. Namkaribisha nyani mmoja tu. Mstaarabu.