Siku Mtukufu Alipoinama

Jumatatu, 4 Septemba

Nimemwosha Mtukufu kama kawaida. Kitambaa cha viatu, kitambaa cha koti, kitambaa cha uso. Ole wake atakayemgusa uso kwa kitambaa cha viatu! Mawaziri wanajua hotuba zake, mimi namjua hadi nyuma ya masikio. Nilikuwa juu ya ngazi nasugua sikio la kushoto, watu wakaanza kumiminika uwanjani na mabango. Wanapiga kelele ashuke. Nikadhani wananiambia mimi.

Wametandika mikeka mbele ya sanamu ya Mtukufu, wakafunga maturubai, wakasema hawaondoki mpaka ang'oke madarakani. Aliyeshika kipaza sauti nikamtazama vizuri. Binti yangu! Mwanafunzi wa uuguzi, sauti ni ya mama yake kabisa. Nilichukia sana. Ila kipaza sauti anakishika vizuri, hilo nalikubali.

Jioni alikuja nyumbani kuchukua blanketi. Nikamkumbusha kwamba sanamu hiyo ndiyo iliyomsomesha. Akajibu kwamba mwenye sanamu hiyo ndiye aliyemfunga mwalimu wake. Akaniaga kwa jina la "mzee wa sanamu". Si Baba. Mzee wa sanamu! Nimekosa usingizi kwa neno hilo.

Jumanne, 5 Septemba

Nyumba imegawanyika. Shemeji, kaka yake mke wangu, katibu wa chama hapa mtaani, amekuja kunywa chai yetu na kutufundisha kwamba bila Mtukufu tusingekuwa na barabara. Mke wangu akamuuliza barabara ipi. Akaitaja ile inayoishia mlangoni kwake. Mke wangu naye hataki Mtukufu na hataki fujo. Anataka sabuni ishuke bei na mwanawe arudi kulala kitandani. Na Kinyozi, ambaye duka lake linatazamana na uwanja, anakubaliana na kila anayekaa kwenye kiti chake. Akikaa askari, waandamanaji ni wahuni. Akikaa mwandamanaji, askari hawana utu. Mtu hana msimamo hata kidogo. Namdharau.

Shemeji akanivuta kando. Amesikia kuna watu wanatafuta kamba wamwangushe Mtukufu. Akaniamuru nikaze nati zote zinazoshika viatu vyake, akaongeza kwamba Mtukufu akianguka, mimi nitafuatia. Nikaapa nitakaza.

Mchana binti akatuma salamu kupitia mama yake: mzee wa sanamu akitaka kuitwa Baba tena, alegeze nati. Nikaapa nitalegeza. Mke wangu akaniambia njia mbili zilimshinda fisi. Nikamjibu kwamba fisi hakuwa na spana.

Tayari nina mpango. Akili ni nywele, na zangu sijawahi kumpelekea Kinyozi.

Jumatano, 6 Septemba

Nimemaliza kazi! Alfajiri, waandamanaji wamejifunika gubigubi, askari wanasinzia wima. Nati ni nne. Za mbele nimezikaza kwa ajili ya shemeji. Za nyuma nimezilegeza kwa ajili ya binti. Haki sawa kwa wote. Tena zilizunguka laini kabisa, maana huwa nazipaka grisi hata pale ambapo hakuna mkubwa wa kuona. Kazi yangu naiheshimu.

Nimemwambia shemeji nimekaza. Nimemtumia binti ujumbe kwamba nimelegeza. Hakuna niliyemdanganya. Nashangaa kwa nini Mtukufu mwenyewe hakuniita zamani nikamshauri mambo ya serikali.

Alhamisi, 7 Septemba

Jana usiku upepo ulivuma. Asubuhi hii Mtukufu ameinama.

Kidogo tu, kama mzee anayetafuta ufunguo uliomdondoka. Lakini ameinama, na aliowainamia ni waandamanaji. Uwanja mzima ulisimama kumtazama. Waandamanaji wakashangilia, wakasema anawaomba radhi. Shemeji akaja mbio amevaa shati la chama, akatangaza kwamba Mtukufu ni baba mwema, ameinama awasikilize wanawe. Kinyozi akasema wote wawili wana haki, kisha akahamisha kioo chake kikubwa akakiweka nyuma ya duka.

Nilipita katikati yao kifua mbele. Watu wanabishana kutwa nzima juu ya kazi ya mkono wangu, na hawajui! Nilitamani kumwambia mtu. Nikamwambia mke wangu.

Hakusifu. Alikuwa ametoka kumpelekea binti chakula. Aliniuliza swali moja tu: akizidi kuinama, ataangukia wapi?

Nimekaa na swali hilo. Mbele ya Mtukufu kabisa, chini ya pua yake, kuna turubai la bluu. Chini ya turubai la bluu analala binti yangu. Chakula kimenishinda.

Ijumaa, 8 Septemba

Lazima niandike yote kabla watu hawajaanza kuyasimulia vibaya.

Nimekwenda asubuhi na ngazi, spana na vitambaa vyangu. Askari wamejipanga mstari kuzuia watu. Nikasema nakwenda kufanya usafi. Shemeji akapaza sauti nipishwe, akijua nakwenda kukaza. Waandamanaji nao wakanipisha, wakijua nakwenda kulegeza. Safari hii shemeji ndiye aliyepatia: nilikwenda kukaza. Nikamtanguliza Mungu, nikaishika nati ya nyuma. Bolti ilikwishapinda. Nati ikabaki mkononi mwangu, na Mtukufu akaguna.

Sijawahi kumsikia akiguna, na nimemwosha miaka mingi. Nikapiga kelele watu watoke. Wakapiga makofi! Nikapunga mikono. Wakapunga na wao. Mwingine akaanzisha wimbo. Pua ya Mtukufu inazidi kushuka, na ninyi mnaniimbia!

Binti akaja hadi chini ya ngazi, akaniuliza mzee wa sanamu anapunga mikono ya nini. Sina mazoea ya kusema kweli yote kwa mpigo, lakini nikaisema. Mbili nimekaza, mbili nimelegeza, na anakuja upande wenu.

Alinitazama. Sitaki kuandika jinsi alivyonitazama. Kisha akawatazama watu walio chini ya maturubai, wengine wana watoto mgongoni. Akashika kipaza sauti.

"Huyu ni baba yangu," alisema. "Nati hizi hakuna anayezijua kuliko yeye. Akisema tokeni, tokeni."

Wakatoka. Wote, na mikeka yao. Baba yangu! Mbele ya uwanja mzima! Nilishika mguu wa Mtukufu nisianguke.

Akaniuliza tumvutie wapi. Nakiri kwamba macho yangu yalikwenda kwanza kwenye duka la Kinyozi. Mungu akanizuia. Nikaonyesha bustani ya maua ya ofisi ya chama, pembeni mwa uwanja. Wakarusha kamba, nikazifungua nati zilizobaki, nikashuka mbio, wakavuta. Akaenda kifudifudi kwenye tope. Hakuna aliyeumia, hata panzi.

Askari mmoja, mtu mzima, akavua kofia akakaa chini kwenye ukingo wa barabara. Wenzake wakamtazama, na hakuna aliyemwinua. Hapo ndipo uwanja ulipolipuka. Wakanibeba mabegani! Nimezungushwa uwanja mzima. Kutoka juu kule nimegundua kwamba Kinyozi ana upara utosini na miaka yote anauficha.

Jumapili, 17 Septemba

Mtukufu ameikimbia nchi. Binti analala kitandani kwake. Kila asubuhi ananiita Baba, nami kila mara najifanya sikusikia ili arudie.

Shemeji anasema alikuwa upande wa wananchi tangu mwanzo, ila kimoyomoyo. Mke wangu amekichukua kitambaa cha uso, anapigia deki jikoni.

Leo umefanyika mkutano wa mtaa kuhusu lile jukwaa la sanamu lililobaki tupu. Wengine wanataka bomba la maji. Wengine wanataka mti wa kivuli. Binti anataka libaki tupu hivyo hivyo, ili anayepita akumbuke kwamba juu pale hapakai mtu. Wakapiga makofi. Nami nikasimama. Watu wakanyamaza kwa heshima, maana mimi ni mimi. Nikapendekeza sanamu ya binti yangu, kwa shaba, ameshika kipaza sauti, na nikajitolea kumwosha. Shemeji alipiga makofi peke yake, tena kwa nguvu.

Binti hakuniita mzee wa sanamu. Alinyoosha mkono tu.

"Baba, nipe zile nati," akasema.

Nimempa tatu. Nimemwambia ya nne ilipotelea kwenye tope.

Iko ndani ya soksi yangu. Nimeshaipaka grisi. Kesho napita dukani kununua vitambaa, kimoja cha viatu, kimoja cha gauni, na kimoja, laini zaidi, cha uso.