Waraka wa Kuunganisha Sungura Wawili

Kabla waraka haujabandikwa ukutani, mfagiaji alikwisha kuona kitu kidogo. Sungura wa Mkurugenzi, yule wa kijivu, alizunguka ofisi akisugua kidevu kwenye kila mguu wa meza, kama karani agongaye muhuri. Mpaka saa nne ofisi nzima ilikuwa mali yake.

Waraka wa kamati ya ofisi ulitangaza enzi mpya ya mshikamano. Kwa mwaka mzima Mkurugenzi na Naibu wake walikuwa wakisalimiana kwa barua, ilhali milango yao inatazamana. Basi kila mmoja alikuwa amepewa sungura, ili sungura wapatane na wakubwa waige. Daktari wa mifugo aliwahasi sungura, akashauri subira ya wiki kadhaa kabla ya kuwakutanisha. Ushauri ukapokelewa kwa shukrani na kufungiwa kwenye faili. Ibara ya nne ilisema wasipopatana, sungura wa cheo cha chini, yaani mweupe wa Naibu, atahamishiwa jikoni. Kwa kazi gani, haikusemwa. Ibara ya tano ilisema hoja yoyote kwenye kikao itapita, isipokuwa Mkurugenzi na Naibu waipinge kwa pamoja.

Kimya, ndivyo walivyomwita mfagiaji, alimlisha mweupe majani kila asubuhi. Alipofika ibara ya nne, aliisoma tena.

Siku ya uzinduzi, mweupe aliingizwa ofisini kwa Mkurugenzi kwa makofi. Hotuba haijafika ukurasa wa pili, manyoya yakawa yanaelea kwenye chai. Katibu wa kamati aliandika kwamba mazungumzo yalikuwa ya wazi. Mweupe akapewa mwezi mmoja wa kujirekebisha, na Kimya akaagizwa awatunze wote wawili.

Akawapeleka stoo ya mafagio, ambako hakuna sungura kati yao aliyewahi kukanyaga. Akaweka wavu katikati. Kila siku aliwabadilishia vitambaa vyao vya kulalia, kila mmoja azoee harufu ya mwenzake, na akawalisha karibu na wavu mpaka wakala pua kwa pua. Ndipo akautoa wavu, dakika kumi kumi, fagio mkononi, tayari kuwatenganisha. Wiki ya nne mweupe aliinamisha kichwa, na wa kijivu akamlamba paji la uso.

Kamati ikaja kukagua, kikao kikafanyika humo humo stoo. Mkurugenzi alijipongeza. Naibu akamwomba Katibu aandike kwamba wazo lilikuwa lake.

“Binti, huyu wangu aliacha lini ukorofi?” Mkurugenzi aliuliza.

“Hakuwa mkorofi, bosi. Alikuwa kwake. Hapa si kwa mtu.”

Katibu akageuza ukurasa. “Mengineyo?”

Swali hilo huwa halijibiwi na mtu. Lakini Kimya alikuwa amepiga deki ukumbi wa kati ya milango ile miwili mwaka mzima, akiwapisha wakubwa wanaokwepana, na sentensi moja ilikuwa imemkaa kooni muda wote huo.

“Na ninyi mkae humu, wazee. Dakika kumi kumi.”

Katibu akasubiri wapinge kwa pamoja. Mkurugenzi akamtazama Naibu. Naibu akatazama dari. Hoja ikapita.

Wanakamati wakatoka mmoja mmoja, kwa heshima, wakiwaacha wakubwa wawili ndani. Kimya akaurudisha wavu katikati, akachukua fagio, akasimama mlangoni.

“Mkigombana,” alisema, “nipo hapa.”