Kigoda cha Dirishani kwa Mtaliano

Jumatatu, 3 Juni 1912. Lyulilo.

Nina hasira hata nibu inatoboa karatasi! Adhuhuri nimekwenda kula kwa Mtaliano, kama kila siku, nikamkuta Ambokile amekalia kigoda changu. Changu! Kile cha dirishani, ambapo upepo wa ziwa unakupuliza shingoni na wapita njia wote wanakuona. Miezi mitatu nimekikalia. Kila mtu anajua. Hata kuku wanajua.

Ambokile ni mpiga kasia. Ndiye anayemletea Mtaliano unga wa ngano kwa mtumbwi. Basi, sifa zake zimeishia hapo. Mimi ni mkalimani barazani, nimesoma misheni, nina viatu. Nikamwomba kwa upole anipishe. Akanijibu huku tambi zinamning'inia mdomoni: "Ndaga, asante, ndugu yangu, ila kigoda hakina jina."

Watu wakacheka. Bwana Batista, Mtaliano mwenyewe, akacheka kuliko wote, kisha akamwongezea upawa wa mchuzi!

Shukrani ya punda. Wadachi walimleta huyu Batista kujenga ghala, ukuta ukamvunja mguu, wakamwacha hapa hapa. Akajijengea kibanda cha meza nne. Nani alikuwa wa kwanza kuketi humo na kula tambi zake za nyanya na samaki mbasa? Mimi! Wengine walisimama mlangoni kuona kama nitakufa.

Leo nimekula kwenye benchi la mlangoni, mbuzi wa watu akinipumulia kiwikoni.

Hakina jina? Tutaona.

Jumanne, 4 Juni

Nimewahi kabla Mtaliano hajafungua. Nimeingia kwa nyuma na kisu cha mke wangu Angetile, kile anachokwangulia vyungu. Nimechonga juu ya kigoda, kwa herufi kubwa: ASEGELILE. Nimejikata kidole kwenye G. Si kitu.

Adhuhuri nimerudi kwa mwendo wa taratibu, mwendo wa mwenye mali. Ambokile yuko juu ya kigoda! Nikamwambia asome alichokalia. Akasema hajui kusoma. Akajiinua kidogo, akachungulia, akauliza pameandikwa nini. Nikamwambia ni jina langu. Akaketi tena, akajiweka sawa, akasema, "Basi sasa limepata joto."

Kicheko kilivyopasuka, mbuzi alikimbia. Jioni, mwanamke nisiyemjua ameniuliza kama ndimi yule ambaye jina lake limekaliwa.

Angetile naye analalamika kisu kimekuwa butu, na ana bakuli ishirini za Bwana Batista za kumaliza kabla ya soko la Ijumaa. Mume amedhalilishwa, yeye anazungumzia kisu!

Jumatano, 5 Juni

Kutwa barazani. Kesi ya migomba. Kwa hasira nimetafsiri kinyume mara mbili. Mshtaki nusura afungwe badala ya mshtakiwa. Lakini huko huko nimepata wazo.

Tambi ni ndefu. Nyeupe. Zinateleza. Ni nini kingine kirefu, cheupe, kinachoteleza?

Nimepita kwa Felista, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani. Nimemwambia yeye peke yake, kwa siri kubwa, kwamba nimemwona Mtaliano akichimba minyoo kando ya mto. Nimemchagua Felista kwa sababu siri haijawahi kulala kwake.

Alhamisi, 6 Juni

USHINDI! Kibanda kitupu! Nimekalia kigoda changu peke yangu, miguu nimeinyoosha. Nimekula sahani mbili.

Bwana Batista alikuwa ameketi kizingitini, ameshika kichwa. Akaniuliza amewakosea nini watu. Nikamjibu kwamba watu wa hapa hawana shukrani. Akanipa sahani ya tatu, maana ingeharibika bure.

Tamu sana. Ingawa peke yako dirishani hakuna wa kukuona. Wapita njia wamepita mbali.

Ijumaa, 7 Juni

Mambo yameharibika.

Kwanza, Mtaliano ametuma ujumbe kwamba hazihitaji tena bakuli, hana wa kumlisha. Bakuli zote ishirini zimeshachomwa! Angetile alikuwa amemkatalia mchuuzi wa Mwaya kwa ajili ya kazi hiyo. Ameketi sokoni nazo tangu asubuhi. Hakuna aliyegusa hata moja, kwa kuwa zinajulikana ni za kulia minyoo.

Pili, watu hawanipi mkono. Hili sikulifikiria. Nimekula kwa Mtaliano miezi mitatu, kuliko mtu yeyote! Mzee Andrea, jirani yetu, amenikaribisha mbalaga, lakini ndizi zangu ameniwekea kwenye jani, mbali, karibu na mbwa. Mbwa naye akahama.

Tatu, Felista amenitaja.

Angetile hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alitua kapu, akanitazama. "Baba Eliud, chakula unachokula kila siku, wewe mwenyewe ukaenda kuwaambia watu ni minyoo? Kwa ajili ya kigoda?"

Nikamwambia si kigoda, ni heshima.

Akasema basi leo heshima inipikie.

Nimelala na njaa. Ambokile atanilipa!

Jumamosi, 8 Juni

Angetile hakuniomba ushauri. Asubuhi amejitwika bakuli, amekwenda kwa Mtaliano, akamweleza yote. Yote! Kisha akamsaidia kutoa meza nje, ufukweni, mbele ya wanawake waliokuwa wakipakia vyungu kwenye mitumbwi.

Mtaliano akamwaga unga mezani, akavunja mayai, akakanda, akasukuma, akakata. Wanawake wakashika unga, wakanusa, mmoja akaulamba. Sufuria ikachemka. Ambokile akala wa kwanza, kinywa wazi kama kiboko, ili kila mtu aone. Akameza. Hakufa. (Nilikuwa na matumaini kidogo.) Baada ya hapo walisukumana. Bakuli zote ishirini zimetumika, na Mtaliano ameagiza nyingine thelathini.

Kisha wakanidai neno moja tu: niseme nilidanganya.

Nikapanda juu ya kasha. Nikaeleza, kwa Kiswahili safi, kwamba mimi nilisema tambi *zimenyooka*, Felista akasikia *minyoo*. Felista akanirushia usipa wa kiganja kizima. Nikamtazama Angetile. Alikuwa ananitazama vile vile kama jana.

Nikasema, "Nilidanganya."

Mtaliano akaweka kiganja sikioni. Nikarudia. Mara tatu!

Akanijia akichechemea, nikajua ananipiga. Hakunipiga. Akasema juzi usiku alifunga nguo zake kwenye shuka ili aondoke, halafu akakaa nazo hadi asubuhi, kwa kuwa hajui aende wapi. Kisha akanipa bakuli iliyojaa. "Asegelile, wewe mtu baya, lakini tumbo lako mwaminifu. Kula."

Nikala nimewageuzia watu mgongo. Nilikuwa natafuta miiba ya mbasa, basi.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada Ambokile amekuja nyumbani, ametusalimu "Mugonile" kwa heshima zote, akasema ananiachia kigoda. Eti upepo wa dirishani unamuumiza mgongo. Uongo! Ni huruma! Ananihurumia mimi, mtu mwenye viatu!

Nimekipokea lakini.

Angetile amecheka kidogo alipokuwa ananipakulia uji. Mzee Andrea amenipa mkono, vidole viwili. Adhuhuri nimeketi dirishani, upepo shingoni, wapita njia wananiona. Mambo yote shwari.

Mpaka Mtaliano alipotoka na kitu kipya. Anakiita jibini, amekitengeneza kwa maziwa ya ng'ombe wa huku. Akapita mezani akiwakwangulia watu juu ya tambi. Akaanza na Ambokile, akamwekea kibonge kizima. Felista, kibonge. Hata mbeba mizigo asiyejulikana, kibonge. Mimi wa mwisho. Mimi wa kwanza kuingia kibanda hiki! Na changu kilikuwa vumbi tu, ungepiga chafya kingeisha!

Nimeichunguza sana hiyo jibini. Rangi yake ya manjano. Ukiishika, inateleza. Ina harufu.

Kwa Felista siwezi kurudi tena. Kesho asubuhi nitamwambia Mzee Andrea, yeye peke yake, kwa siri kubwa, kwamba ni sabuni.